Ubuyu Mwekundu wa Mama

Mama yangu alikuwa na dawa moja tu, na aliipika mwenyewe. Ukija kwetu Keko na homa, utapewa juisi ya ubuyu. Mtoto akiharisha, alikoroga unga wa ubuyu kwenye maji yaliyochemshwa, akatia sukari na chumvi kidogo. Mjamzito aliyeambiwa kliniki kwamba damu yake ndogo alikalishwa pale pale kibarazani anywe kikombe chake huku anakula mchicha, maana mama alishikilia kwamba mchicha peke yake, bila kitu cha uchachu, hauendi kwenye damu. Wazee wanaolalamika mifupa, ubuyu. Fizi zinatoka damu, ubuyu. Mie nilikuwa namtania, namwambia iko siku atakuja mtu na pancha ya baiskeli na yeye atamnywesha. Alinijibu kwamba baiskeli haina tumbo.

Tulikuwa tunaishi nyuma ya mafundi seremala. Mashine za mbao zinaanza kulia asubuhi, na vumbi la msasa linaingia kila mahali, hata kwenye chumvi. Mafundi hao ndio waliokuwa wateja wa mama. Unga mweupe aliuza kwa ajili ya juisi na uji, lakini jina lake lilitokana na ubuyu wa rangi. Alichemsha sukari na maji mpaka ikanata, akatia iliki, pilipili, chumvi na rangi nyekundu, kisha akamimina mbegu zenye unga wake na kugeuza kwa mwiko mpaka mkono ukafa ganzi. Kila sufuria aliionja. Alimumunya, akatema mbegu, akaongeza pilipili, akamumunya tena. Kwa hiyo ulimi wake ulikuwa mwekundu, meno mekundu, na pembe ya kanga aliyojifutia mdomo nyekundu vilevile. Nimemjua hivyo tangu nina akili.

Kikohozi kilianza mwaka juzi, kama miezi miwili kabla ya Ramadhani. Alisema ni vumbi la mbao. Akajitibu kama alivyowatibu wengine: ubuyu wa vuguvugu, tangawizi, asali, asubuhi na jioni. Alipungua. Nilimwambia aende hospitali, akasema mafundi wanashinda ndani ya vumbi hilo na hakuna aliyekufa, sembuse yeye anayelipata kwa mbali. Nikanyamaza. Kusema kweli nilinyamaza haraka, kwa sababu ubishi wa mama ulikuwa unanichosha.

Mwezi wa Ramadhani mama hapiki ubuyu wa rangi. Hawezi kuuonja mchana, na bila kuonja hauamini. Kwa hiyo mwishoni mwa Shaaban anapika mwingi wa mwisho, anaujaza kwenye ndoo, anaifunga mfuniko kwa selotepu na kuisukuma chini ya kitanda chake mpaka Idi. Mwezi mzima tunauza unga mweupe tu, watu wapate juisi ya kufuturia.

Siku ya tano ya mfungo, alasiri, niliingia chumbani kwake kuchukua nguo za kufua. Chini ya mto nikakuta kitambaa cha mkononi kimekunjwakunjwa, kina madoa mekundu, bado kibichi.

Sikufikiria mara mbili. Nilijiambia moja kwa moja kwamba mama anakula mchana. Anaivuta ile ndoo chini ya kitanda, anamumunya ubuyu, anajifuta, anakaa tena na tasbihi yake. Sisi watu wa Pwani, mtu anayejifanya amefunga kumbe anakula kwa siri tunamwita kobe, na jina hilo lina aibu kubwa. Mama yangu, aliyenifunza kufunga nikiwa na miaka saba! Aliyekuwa ananichapa makofi ya mgongo nikimeza maji ya kusukutulia! Nilisikia uso unawaka, utadhani nimekamatwa mimi.

Halafu hasira ikageuka huruma. Nikasema, mtu mzima huyu, kaisha mwili, njaa inamshinda na hawezi kusema. Nikaamua kumsitiri. Nilikifua kitambaa kile peke yake, mbali na nguo za wengine, nikakianika ndani, kilipokauka nikakikunja vizuri na kukirudisha chini ya mto. Kesho yake kulikuwa na kingine. Nikafua. Kwa zaidi ya wiki mbili nilifua vile vitambaa na sikumwambia mtu.

Wala sitajisafisha: sikumsitiri kwa moyo mweupe kila siku. Adhana ya magharibi ikilia, mama akinyoosha mkono kuchukua tende, nilikuwa naangalia pembeni. Akinisahihisha jambo la dini, moyoni nilikuwa namsonya. Siku moja nilijaribu kumwambia kwa kuzunguka. Nilisema mtu mgonjwa au mtu mzima akishindwa kufunga hana dhambi, analisha maskini, yamekwisha. Aliweka tasbihi yake chini.

"Nikishindwa nitasema," aliniambia.

Nilidhani ananidanganya waziwazi. Nikaondoka kwenda kukoroga uji.

Siku ya ishirini na mbili ya mfungo alikuja fundi mmoja aliyekuwa anasafiri kwenda kwao bara kabla ya Idi. Alitaka ubuyu wa rangi wa kuwapelekea watoto, na akaomba tumtolee mapema. Mama alikuwa amelala kwenye mkeka. Nikasema sitamwamsha, nikaingia chumbani, nikaivuta ndoo.

Selotepu ilikuwa bado imezunguka mfuniko mara mbili, na ncha yake imekunjwa kama mama anavyoikunja ili kucha ipate pa kushika. Vumbi la msasa lilikuwa limelala juu yake, halina hata alama ya kidole. Nilibandua, nikafungua. Ubuyu ulikuwa umejaa mpaka mdomoni. Hakuna aliyegusa hata punje.

Nilikaa chini sakafuni. Kitu cha kwanza nilichokumbuka ni chumvi. Maisha yangu yote nimefua rangi ya ubuyu, inatoka kwa maji matupu. Vile vitambaa vilikuwa vinanigomea, navilowesha kwenye maji ya chumvi kama nguo yenye damu, vinabaki na ukingo wa kahawia. Niliona hayo kila siku kwa macho yangu haya, na bado niliendelea kumwita mama yangu kobe moyoni.

Fundi alinisubiri mpaka akaondoka mikono mitupu. Nilimwamsha mama nikamwambia twende hospitali, sasa hivi. Hakuuliza kwa nini. Alifunga kanga yake vizuri, akaomba nimshike mkono.

Makohozi yalipimwa, picha ikapigwa. Kilikuwa kifua kikuu, na kilikuwa kimeshamla sana. Sote nyumbani tulipimwa, tukakutwa salama. Mama alimuuliza muuguzi kama aendelee na ubuyu wake. Yule dada hakumcheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alimwambia ubuyu ni chakula kizuri, una vitamini C nyingi na madini ya mifupa, na lile jambo la mchicha na uchachu ni kweli kabisa. Anywe, utamsaidia kupata hamu ya kula. Lakini wadudu walioko kwenye mapafu wanakufa kwa vidonge, si kwa ubuyu, na vidonge vinataka kuanzwa mapema.

Alikunywa vidonge bila kukosa siku moja. Mwili haukurudi. Wiki ya sita alikuwa hawezi kushika kikombe, ikawa namnywesha mimi uji wa ubuyu kwa kijiko. Asubuhi moja nilishindwa kuendelea kubeba lile jambo. Nikaweka bakuli chini.

"Mama, nisamehe. Vile vitambaa, nilidhani unakula mchana."

"Mie?" akasema. "Kobe?"

Akacheka. Kicheko kikaleta kikohozi, nikamshika mabega mpaka kikapita. Nilifikiri imeishia hapo, kwamba nimesamehewa. Alipopata pumzi alinitazama, na uso wake haukuwa na kicheko tena.

Aliniambia kwamba yeye alidhani najua. Aliogopa kusema, kwa sababu nani angenunua ubuyu kwa mwanamke anayetema damu? Lakini alipoona kitambaa cha kwanza kimefuliwa na kurudishwa chini ya mto, alijua siri imeshatoka. Akawa anaweka vingine palepale, makusudi.

"Nilikuwa nangoja uniulize," alisema. "Ungeniuliza mara moja tu, ningekwenda. Nikaona unafua, unakunja, umenyamaza. Nikasema basi, mwanangu kajua, kaona hakuna la kufanya."

Nililia mbele yake kama mtoto, na yeye ndiye akawa ananibembeleza. Akaniambia uji unapoa.

Alifariki siku kumi na moja baadaye, mchana, mashine za mbao zikiwa zinalia.

Bado napika ubuyu, kwenye sufuria yake ileile. Nawaambia watu faida zake kama alivyokuwa anawaambia, juisi kwa anayeugua homa, uji kwa mjamzito. Mtu akija kuutaka kwa ajili ya kikohozi, namuuliza kina siku ngapi, na kikizidi wiki mbili simuuzii mpaka aende kupimwa. Wengine hununa.

Kinachowaudhi zaidi ni rangi. Siweki. Sukari, iliki, pilipili, vyote vimo, lakini ubuyu wangu ni mweupe, na watoto wanalalamika kwamba hauwapaki ulimi. Nimewaambia wakanunue kwingine. Kwenye nyumba yangu kitu chekundu kikitoka kinywani mwa mtu, nataka nikione, na nataka niulize.