Mugomba Juu ya Kaburi la Baba

Siku hizi tuko na jina nzuri. Kwenye mikutano wanatuita wenyeji asilia, na mwenye kulitamka anatabasamu kama mutu amekupatia sabuni bure. Zamani tulikuwa Batwa tu, na watu walilisema hilo jina huku wanasogeza sahani yao mbali. Sahani bado wanasogeza. Jina ndilo lilibadilika.

Nilizaliwa Mudaka, kwenye shamba la mutu mwingine. Wazazi wangu walizaliwa porini, mbele pori halijafanywa parc, hifadhi ya wanyama ya serikali. Walipofukuzwa walikuwa wangali watoto. Walishuka na wakubwa wao, vyungu kichwani, wakitafuta pa kusimama. Muzee mwenye shamba aliwaambia: kaeni pale pembeni, mutanilimia. Watu wanasema mugeni siku mbili, ya tatu mupatie jembe. Sisi jembe tulipewa siku ya kwanza, na ugeni haujaisha mupaka leo.

Kuna kitu kimoja cha porini ambacho mama yangu hakukiacha. Kule, mutu akikufa, watu wetu walikuwa wanahama. Walimuzika, wakaangusha kibanda chake juu yake, wakalia, kisha wakafunga vitu na kwenda. Si kwa woga, kama watu wa kijiji wanavyotucheka. Mahali pale panakuwa pake. Marehemu hawezi kutembea tena, basi anaachiwa kijiji, na wenye miguu wanatafuta kingine. Mama alinieleza hivyo nikiwa mudogo, na niliona ni heshima kubwa. Hata sasa naona hivyo.

Baba alikufa na kikohozi, wakati wa mvua. Tulimuzika nyuma ya kibanda maana hatukuwa na kwingine. Mama alilia, akamaliza, akaanza kukunja mukeka.

"Unaenda wapi, mama?"

"Tunahama."

"Tunahama wapi? Huku shamba la huyu, kule shamba la yule, na huko juu walinzi wa parc na bunduki zao."

Alisimama na muzigo kichwani, akatazama huku, akatazama kule. Nikikumbuka vile alisimama, moyo unaniwaka. Kisha akautua muzigo. Alibomoa kibanda, akajenga kingine ng'ambo ya mufereji, karibu hivi kwamba ungeweza kusalimiana na marehemu bila kupaza sauti. Ndiyo safari yote tuliyoachiwa. Na nyuma ya pale kibanda cha zamani kilikuwa, juu ya kaburi, akapanda mugomba, ili watu wasikanyage bwana yake.

Matata yalianzia hapo. Kwetu huku, ardhi ya kuazimwa unapanda maharagi, viazi, vitu vya kung'oa. Mugomba hapana. Mugomba unazaa watoto, watoto wanazaa wengine, haung'oki. Mwenye kuupanda anasema: mimi niko hapa, na nitabaki. Kila mulimaji wa Mudaka anajua jambo hilo tangu anajua kutembea. Mama alijua kurina asali na kufinyanga vyungu. Mambo ya migomba nani angemufundisha?

Muzee mwenye shamba alikuwa amekwisha kufa, na shamba lilikuwa la mutoto wake, bwana mukubwa anayekaa mujini, Ibanda, karibu na ziwa. Siku moja alikuja kutembelea shamba, akakuta mugomba umezaa. Akavua miwani.

"Nani alipanda hii?"

"Ni miye, papa!" Mama alijibu na furaha yote, alifikiri anasifiwa. "Ndizi yake iko tamu. Ngoja nikukatie."

Yooo, mama yangu! Alimukatia kweli. Yule bwana alipokea ndizi, akaziweka ndani ya jeep yake, akasema bila hasira: "Maman, sina ubaya na nyinyi. Mukivuna maharagi, muende."

Majuma yale yale nikaitwa kwenye mukutano mujini, ule wanaoita atelier, katika sala, ukumbi mumoja wa Ibanda wenye viti vya kitambaa. Nilichaguliwa kwa sababu masista walinifundisha kusoma. Kwanza tulicheza ngoma. Sisi hatuitwi mahali bila kucheza. Hata ukiwa na jino linauma, utacheza. Halafu mwanamuke mumoja wa sheria, tulimuita Maître, akasimama akatueleza kwamba nchi imepata sheria kwa ajili yetu. Watoto wetu wasome bure, wagonjwa wetu watibiwe bure. Desturi zetu zilindwe. Na ardhi tunayokaa, tuwe na haki juu yake.

Nilisimama. "Hata kama ni kaburi tu na mugomba mumoja?"

Watu walicheka. Maître hakucheka. Aliniita pembeni, akanisikiliza, akasema atakuja. Nilirudi Mudaka nikiimba. Nilimusomea mama karatasi ya sheria tuliyopewa kule, yeye anapalilia maharagi.

"Mwenye kuandika hii," aliuliza, "anajua hapa kwetu?"

"Hapajui. Lakini sheria inafika kila mahali."

"Basi na ifike mbele ya mavuno," alisema, akaendelea kupalilia.

Maître alitimiza. Alikuja na viatu vyake vizuri, akateleza kwenye matope mara kwa mara, akasimama nasi mbele ya shefu wa kijiji. Sitamunyima haki yake: alisema vizuri. Alisema kaburi ni shahidi. Alisema mutu haziki baba yake mahali anapopita, anamuzika kwake. Alisema sheria mupya inawalinda watu hawa pamoja na desturi zao. Shefu alikuwa anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo.

Yule bwana wa Ibanda hakubishana. Aliomba kuuliza mama swali moja tu, na akauliza kwa adabu, mikono nyuma.

"Maman, tunasikia hii sheria inalinda desturi yenu. Vizuri. Ni kweli kwamba kwa desturi yenu, mutu akikufa, munahama?"

Uso wa mama uling'aa. Nafikiri katika maisha yake yote hakuna mukubwa aliyemuuliza juu ya desturi yake.

"Ni kweli, papa. Tunahama. Hatubakii. Tunamuachia—"

"Inatosha," alisema shefu.

"Acha amalize!" nikapiga kelele. "Tunamuachia mahali pawe pake! Muulize kwa nini!"

"Inatosha. Amesema mwenyewe. Hata kwao, mutu akikufa hawabakii. Basi wafuate desturi yao."

Watu wakacheka. Wakasema mudomo umeponza kichwa. Ati mudomo! Mama hakuropoka, alijibu alichoulizwa. Uongo tulikuwa hatujaujifunza vizuri, tulikuwa tungali wapya nje ya pori.

Maître alifuta viatu vyake kwenye majani, akaninong'oneza: "Kwa nini hakukataa? Angesema tu hapana." Nilimutazama. Huyu ndiye alikuwa amekuja kulinda desturi.

Migomba ilikatwa, mugomba mama na watoto wake wote. Mama hakulia. Alibomoa kibanda chake, akafunga mukeka, na safari hii muzigo ulipata njia. Tulishuka Bukavu, Nyalukemba, mimi na yeye na watoto wangu, kwenye chumba nyuma ya nyumba moja ninapofua nguo. Alikaa mulangoni siku zote, akitazama upande wa Mudaka kana kwamba nyumba za watu haziko mbele yake. Alipougua, hospitali tulienda. Ile sheria ya kutibiwa bure, muganga aliisikia kwangu kwa mara ya kwanza, akaniambia ni habari nzuri.

Mama alipokaribia kufa hakuuliza kama atapona. Aliuliza: "Na nyinyi mutahama wapi?"

"Usijali, mama. Tutapata."

Alijua nasema uongo. Alinipiga kofi dogo kwenye mukono, vile alivyozoea nikiwa mutoto.

Hata mavazi ya kilio sijavua, nikaitwa tena kwenye sala ya Ibanda. Mukutano ulikuwa juu ya utajiri wa desturi zetu. Bwana mumoja mugeni, mwenye sauti nzuri, akanipatia mikro ya kusemea.

"Maman, tumesoma kwamba kwenu mutu akikufa munahama. Iko kitu cha ajabu sana. Tuelezee kidogo."

Maître alikuwa kwenye meza ya mbele. Akainamisha macho.

"Hapana," nilisema. "Watu wanatusingizia. Sisi mutu akikufa, tunabaki."

Wakapiga makofi. Halafu wakatuomba tucheze.

Sikucheza. Nilirudi Nyalukemba, nikaketi pale mukeka wake ulikuwa. Watoto wangu walikuwa wanakula. Mama, kwa desturi yetu chumba hiki sasa ni chako. Tunalala ndani yake kama wezi.