Makopo ya Fundi Mng'ao

Nyumba ya Fundi Mng'ao ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja alilala yeye na mkewe. Cha pili kilikuwa sebule. Cha tatu, kikubwa kuliko vyote na chenye dirisha la kuingiza jua la asubuhi, kilikaliwa na makopo.

Hayakuwa makopo ya kuchotea maji. Vilikuwa vyombo vya kale vya kunywea: makopo mazito ya bati yenye vifuniko vya bawaba, mengine ya shaba, vikombe vya fedha vyenye miguu mirefu, na bilauri nene zilizotoka katika hoteli kongwe ya karibu na stesheni ilipofungwa. Fundi alianza kuvikusanya akiwa kijana, katika banda lake la kuziba sufuria na birika. Wauza vyuma chakavu walimletea gunia zima, naye alipekua mpaka chini, akatoa kimoja, akakitia kwapani. Katika miaka ishirini na saba vilifika mia mbili na kumi na vinne. Mwenyewe hakuwahi kuonja pombe, na majirani walifanya mzaha kwamba hiyo ndiyo baa pekee mjini isiyo na mlevi.

"Inaye mmoja," mkewe aliwahi kuwajibu, huku akianika nguo. "Tena huyo hajalevuka hata siku moja."

Jina la Mng'ao alilipata kwa kazi yake. Sufuria ikitoka mikononi mwake, mwenye sufuria aliweza kuchana nywele kwa kujitazama ndani yake. Kwa fundi, chombo chenye weusi kilikuwa ushahidi wa uvivu wa mtu fulani, na uvivu aliuchukia kuliko wizi. Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi yeye na mkewe waliketi sakafuni wakiwa na jivu lililochekechwa, ndimu, matambara ya sufu na, kwa weusi mkaidi, kipande cha msasa laini cha kule bandani. Fundi alisugua nje. Mkewe alipewa ndani na chini ya vitako, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vyembamba. Ndimu ilimla ngozi mpaka kushika chumvi kukawa adhabu.

"Baba," mkewe alisema Jumamosi moja ya zamani, akigeuza kopo kwenye mwanga, "hivi vialama vya huku chini si vinafutika?"

"Uchafu huo. Sugua."

Akasugua.

Kimoja tu ndicho fundi alichowahi kukitupa: kopo jeusi tii, limebonyea ubavuni, kifuniko kinalegalega kama jino la mtoto. Alipigana na ubavu wake siku mbili kwa msasa, bila mafanikio, akasema, "Hili limekufa," akalitupa kwenye debe la taka. Mkewe aliliokota, akalitokosa kwa maji ya moto, akaliweka jikoni la kupimia unga. Makopo mawili ya unga yaliwatosha wao wawili. Miaka ikapita, na fundi akasahau kwamba limo humo ndani.

Kisha binti yao akarudi. Mumewe alikuwa ameoa mwingine na kumwonyesha mlango. Aliingia na cherehani ya mkono, begi moja, na mtoto wa kike wa miaka minne aliyekuwa na kikohozi. Unga jikoni ukawa wa makopo matatu na nusu. Fundi hakumfukuza mwanawe, na hilo alijisifia mbele ya watu. Alisema karibu. Lakini karibu yake iliishia sebuleni, kwenye godoro lililotandikwa karibu na mlango, mahali ambapo upepo uliingia kwa chini kama vile nao umepangishwa.

Mwezi ulipokwisha, binti alimfuata baba yake chumbani kwa makopo.

"Baba, naomba nikuambie kitu."

"Sema, usishike hicho."

"Naomba chumba hiki. Miezi mitatu tu, nikishapata wateja nitapanga kwangu. Makopo tutayafunga kwenye magazeti, tuyapange juu ya kabati. Mtoto anakohoa, baba. Makopo yamelala rafuni, sisi tumelala chini."

"Nimewaandikia watu wa makumbusho," fundi alisema. "Wakija wakute vyombo kwenye magazeti, watanionaje?"

"Na wakitukuta sisi chini?"

"Hawaji kuwaangalia ninyi."

Mkewe alikuwa akisikiliza kutoka sebuleni. Usiku huo hakula, alisema tumbo limejaa. Fundi alimwamini, maana ilikuwa rahisi kumwamini. Mwanamume asiyelewa wala kumpiga mkewe hujiona ameshatimiza kila haki ya nyumba, na mtu wa namna hiyo ni mgumu kuliko mlevi, kwa sababu mlevi asubuhi huona haya.

Haja ya fundi ilikuwa moja. Alitaka makumbusho wayapokee makopo yake, wayaweke nyuma ya kioo, na chini yake wabandike kadi yenye jina lake. Maisha yake yote alikuwa ameziba matundu ya vyombo vya wengine, na hakuna aliyeandika jina lake mahali popote. Haikuwa haja ya aibu. Aibu ilikuwa katika watu aliokuwa tayari kuwakanyaga ili aipate.

Jibu la makumbusho lilipofika, nyumba nzima iliingia kazini. Juma zima walisugua. Hata binti aliiacha cherehani yake, akapewa vikombe vya fedha. Mtaalamu aliyekuja Jumanne asubuhi alikuwa mama wa makamo, mwenye glavu nyeupe na lenzi ndogo iliyoning'inia shingoni.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana. Tahadhari na macho tu, humu mnawaka."

Kweli mliwaka. Jua lilikuwa limepiga rafu zote tatu. Mtaalamu alisimama mlangoni kitambo, kisha akachukua kopo la kwanza, akaligeuza kitako juu, akaweka lenzi. Akalirudisha. La pili vivyo hivyo. La tatu alilishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye ukingo. Alipofika la kumi na mbili, akavua glavu.

"Mzee, nani anayevisafisha hivi?"

Fundi alitabasamu. "Umeona eh?"

"Nimeona. Sijui nikuambieje." Alipindua kopo moja. "Chini hapa mhunzi aliyelitengeneza alipiga mhuri wake. Ndio unaotuambia nani kalitengeneza, wapi, mwaka gani. Umefutika. Na ule weusi ndio umri wa chombo, ukiuondoa umekitoa umri. Huu ukingo umekuwa kama karatasi, na vishikio vimeungwa upya kwa lehemu ya dukani. Nimetafuta walau kimoja kilichosalimika, sijakiona. Hasa hizi alama za chini. Nani amekuwa akisugua huku chini?"

Mke wa fundi alikuwa amefika mlangoni na sinia ya chai.

"Mke wangu," fundi alisema. "Huku chini ni yeye. Nimemwambia mara ngapi asitie nguvu."

Ulikuwa uongo, na watu watatu katika nyumba hiyo walijua ni uongo. Binti alifungua mdomo. Mama yake akamkata kwa jicho.

"Ni mimi," alisema, akiitua sinia. "Vidole vyangu ni vyembamba."

Walikunywa chai. Mtaalamu, kwa adabu, aliomba mahali pa kunawa mikono, na mama mwenye nyumba akampeleka jikoni. Humo ndimo alimoona, juu ya gunia la unga, kopo jeusi lenye ubavu uliobonyea.

"Mama, naomba nilitazame hilo."

Alilifuta kitako kwa ncha ya kitambaa, akaweka lenzi, na safari hii hakuirudisha shingoni upesi. Mhuri ulikuwepo wote: ufunguo mdogo, herufi tatu, mwaka. Juu ya kishikio mtu wa zamani alikuwa amechora kwa kisu vistari vingi, pengine akihesabu alichokunywa.

"Hili tunalipokea," alisema. "Hata leo hii tunalipokea."

Fundi alikuwa ameshafika mlangoni. "Ni langu hilo."

"Si ulilitupa?" binti aliuliza.

"Nililiweka jikoni. Ni langu."

Mtaalamu alitoa fomu kwenye mkoba wake, akamgeukia mama aliyekuwa amesimama karibu na gunia. "Mama, mimi nimelikuta kwako. Inabidi niandike jina la mwenye nalo. Ni la nani?"

Mke wa fundi alimtazama mumewe. Alimtazama muda wa kutosha mtu kusema neno moja, hata mawili. Fundi alikuwa anatazama kopo.

"Andika lake," mwanamke alisema. "Kila kilichomo humu ndani ni chake."

Akalichukua kopo, akaumwagia unga kwenye gunia, akaligonga mara mbili kwa kiganja, akamkabidhi mgeni.

Siku mbili baadaye binti alipata chumba nyuma ya duka la mwenzake mshonaji. Mama yake alibeba begi moja, kisha akarudi ndani, akatoka na la pili. Hilo la pili lilikuwa lake.

"Na wewe wapi?" fundi aliuliza.

"Kumwangalia mtoto, mama yake ashone."

"Mpaka lini?"

"Sijui, baba."

"Kichukueni basi hicho chumba. Nitayaondoa kesho, yote."

Mwanamke alimtwika bintiye cherehani kichwani, akamrekebishia kata. "Uliombwa kwa adabu," alisema. Alisema taratibu, kama anayemkumbusha mtu mahali alipoacha miwani. Wakaondoka, mtoto akikohoa njia nzima mpaka kona ya barabara.

Kopo liko makumbusho, ukumbi wa pili kushoto, nyuma ya kioo. Chini yake kuna kadi, na juu ya kadi kuna jina la fundi lote, bila kosa hata la herufi moja. Siku ya kwanza alilisoma mara nyingi. Siku hizi huenda kila Jumamosi asubuhi, maana hana wa kuketi naye sakafuni, na anaposimama pale macho yake hayaendi kwenye kadi. Huenda kwenye bawaba ya kifuniko, ambako unga wa mkewe umeganda katika ufa mwembamba, mstari mweupe ambao watu wa makumbusho waliuacha makusudi kwa kuwa nao ni sehemu ya historia ya chombo.

Kidole gumba humwasha. Hukinyanyua bila kujua, akaanza kusugua.

"Mzee," askari wa ukumbi humwambia kila mara, "tafadhali, toa mkono kwenye kioo."