Mjane Asiye na Kaburi

Siku aliyokosekana Festo, Mektilda mkewe hakulia, na watu wa Kigwa hawakuacha kulisema hilo. Festo alikuwa mrina asali, mtu wa porini tangu utoto. Msimu huo aliingia msituni na mdogo wake Raymundi, kama ilivyokuwa desturi yao, na siku ya kurudi akarudi Raymundi peke yake. Alisema kaka yake aliteremka bondeni kutafuta maji, asirudi tena. Kwamba alimwita mpaka sauti ikamkauka. Wanaume wakaingia porini na mapanga na mbwa, Raymundi akiwa mbele kuwaonyesha njia. Hawakuona hata unyayo.

Tangu hapo mwili wa Mektilda ulianza kumkataa. Ugali ulimkwama kooni, usingizi ukamruka. Akiwa shambani, akisikia sauti ya Raymundi nyuma ya nyumba, mikono ilimfa ganzi na jembe likamponyoka. Mama mkwe akasema ni mizimu inadai haki yake. Raymundi mwenyewe alizidi tu kuwa mwema. Alileta kuni, akaziba paa lililovuja, na jioni alikaa kwenye kiti cha kaka yake akingoja chakula. Ndugu walikwisha kunong'ona kwamba mvua zikianza matanga yamalizwe, naye Mektilda abaki mikononi mwa shemeji yake, watoto wasitawanyike.

Alipozirai kisimani, muuguzi wa zahanati alimpima asione malaria wala shinikizo la damu. Akamwelekeza Tabora mjini kwa Consolatha, mshauri nasaha aliyekuwa na chumba katika kituo cha kanisa. Raymundi akasema atampeleka yeye, kwa pikipiki yake.

Consolatha alikuwa mwanamke wa makamo, asiye na haraka. Alimweleza mapema kwamba hawatakutana mwaka mzima. Watakutana mara chache, kwa kazi moja tu: asimame tena, aweze kuamua mambo yake. Hakumhubiria. Alimwuliza analalaje, anakula nini, anamwogopa nani. Swali hilo la mwisho Mektilda hakulijibu. Alifundishwa kuvuta pumzi polepole mwili unapotetemeka, na kukanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili ili ajue yuko wapi. Hayo yakamsaidia kidogo.

Walipokuwa wakirudi, Raymundi alipunguza mwendo pale msitu unapoikaribia barabara. Akamwuliza wanaongea nini humo ndani.

"Usingizi tu, shemeji."

"Ni hayo tu?"

Akajibu ni hayo tu. Raymundi aliendelea kwenda taratibu mpaka miti ilipokwisha.

Safari nyingine Consolatha alimwomba aisimulie siku ile yote bila kuruka kitu. Mektilda alianza vizuri. Alisimulia karanga alizobangua, jirani aliyepita kuomba moto, kuku walivyoingia bandani. Alipofika mahali Raymundi anaingia uani, sauti ikakatika. Alianza upya, ikakatika palepale. Consolatha hakumsukuma. Alimimina maji, na alipomnyoshea kikombe, Mektilda akaurudisha nyuma mkono wake mwenyewe.

"Aliomba maji," akasema. "Nikamtekea mtungini. Alipokwisha kunywa akasema, marehemu aliyapenda sana maji ya mtungi huu."

Consolatha akakiweka kikombe mezani.

"Watu walikuwa hata hawajaenda kumtafuta, dada. Sisi sote tulisema amepotea. Yeye alishasema marehemu."

Neno hilo alilisikia siku ile, akalimeza. Mke wa mtu atasema nini juu ya mwana pekee aliyebaki katika mji wa wakwe zake? Kupitia wavu wa dirisha Raymundi alionekana ameketi juu ya pikipiki, uso kauelekeza kwao.

Consolatha hakumwambia kwamba Raymundi ameua. Alisema yaliyotokea porini hayajui, na kuhukumu si kazi yake. Lakini hofu ile si wazimu, na kwa sasa la kujua ni Mektilda atalala wapi leo, na watoto wako na nani. Watoto, Mungu saidia, walikuwa likizo Bukene kwa mama yake mzazi. Basi wakatokea mlango wa jikoni, wakaenda dawati la jinsia la polisi.

Raymundi alipokamatwa, mwanzoni alikana. Alipopelekwa msituni aliwatangulia askari, akapita njia ambayo wanakijiji hakuwapitisha. Chini ya mninga mkubwa palikuwa na mifupa, kamba na ndoo ya asali. Alisema hakumgusa. Tawi lilivunjika, Festo akaanguka, miguu ikakataa kabisa kusogea. Walikuwa na ugomvi wa muda mrefu juu ya mizinga ya nyuki waliyoachiwa na baba yao. Alikaa naye kidogo, kisha akaondoka. Askari akamwuliza kama alimwacha amekwisha kufa.

"Alikuwa akiniita," alisema Raymundi.

Mektilda aliomba kuyasikia hayo akiwa chumbani kwa Consolatha, siku yao ya mwisho. Hapo ndipo alipolia, kilio kilichowafanya watu wa nje wanyamaze. Festo akazikwa Kigwa. Mama mkwe hakumpa mkono. Alisema wanawe wote wawili wameliwa na mwanamke mmoja.

Sasa Mektilda amepanga chumba Cheyo, mtaa wa Tabora mjini, na watoto wake, anauza karanga. Anakula. Siku nyingi hulala, ingawa siku nyingine husikia mtu akiita mbali, na sasa anajua ni nani. Consolatha hakumficha kwamba hilo huenda lisiishe upesi.

Juzi mwanamke wa Kigwa alipita kununua karanga. Akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba Raymundi yuko nje kwa dhamana, na kwamba amekuwa akiuliza watu Cheyo ni upande upi wa mji. Mektilda alimshukuru. Alimpigia simu askari wa dawati, akafunga biashara, akaenda kuwangoja watoto kwenye lango la shule, mgongo ukutani, akimtazama kila aliyepita.