Stika za Nguzo ya Tatu

Watu walimwita Mama Stika, na jina likamkaa kama la kuzaliwa nalo. Kwa miaka kumi na moja alipiga picha za harusi, mpaka simu zilipomnyang'anya kazi. Kila mwalikwa akawa mpiga picha. Ndipo akaligeukia daraja la zamani la chuma, lile lililowavusha bibi zake. Alilipiga picha asubuhi, akazichapa kwenye karatasi ya stika, akazikata kwa mkasi juu ya meza ya chakula, kisha akazipanga kwenye ubao jirani na ngazi za daraja. Wenye pikipiki walinunua, wanafunzi walinunua.

Kisha akaja mzee wa kofia ya sufu. Hakutazama picha nyingine.

"Nguzo ya tatu ipo?"

Alinunua moja. Wiki chache baadaye alirudi akitaka nguzo ileile, lakini picha mpya. Mara ya tatu akauliza ilipigwa lini, akaandika tarehe mgongoni mwa stika kwa penseli.

Wifi wa Mama Stika, aliyeishi naye na kumsaidia kukata stika, ndiye aliyechochea moto.

"Wifi, mtu mzima anunue stika asizibandike? Huyo ana lake jambo. Likitokea la kutokea kwenye daraja, wa kwanza kuulizwa ni wewe."

"Usinitie presha."

"Presha unayo. Mimi nimeipa jina tu."

Tangu siku hiyo Mama Stika alimhudumia mzee kwa jicho la pembeni. Mchana mmoja akafunga ubao, akamfuata. Mzee alipita nyuma ya kiwanda cha mbao, akateremka hadi ukingoni chini ya daraja. Huko akatoa bahasha, akapanga stika juu ya jiwe. Anatazama stika, anatazama nguzo.

"Mzee, unatafuta nini hapa?"

Mzee aligeuka polepole. "Na wewe, nani amekutuma unifuate?"

"Nitumwe na nani?"

"Mkandarasi. Picha zako zote ni za upande wa barabarani, ule wanaoupaka rangi. Nikasema, huyu mama wameshamweka mfukoni."

Kumbe kila mmoja alikuwa akimchunga mwenzake. Mzee alisema alilipaka daraja rangi miaka ishirini na sita, akining'inia kwa kamba, kabla mkandarasi hajapewa kazi hiyo.

"Tazama. Hii ya mwanzo, doa la kutu. Hii inayofuata, doa limefunikwa rangi. Hii ya juzi, limerudi, tena kubwa. Hawakwangui, wanapaka juu ya kutu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimwambie nisiyemwamini?"

Hata hapo Mama Stika hakumwamini moja kwa moja. Mtu aliyepoteza kazi huweza kuwa na kinyongo. Akazunguka mwenyewe hadi upande wa pili wa nguzo, ule usioonekana barabarani, akakwaruza kwa ukucha. Chuma kikabanduka kama ganda la kitunguu. Akatoa kamera, akapiga picha.

Wifi alimsihi asizichape. Alizichapa. Stika hazikuwa na maandishi, ni kutu na tarehe tu. Ziliisha kwa siku mbili, na mtu asiyejulikana akabandika moja kwenye mlango wa ofisi ya barabara.

Mhandisi wa ofisi hiyo akamwita. Hakumkaribisha kiti.

"Mama, nani yuko nyuma yako?"

"Nyuma yangu kuna mlango, bwana mhandisi. Wewe nenda kakwaruze, utajionea."

Alitoka, na wiki nzima kila gari lililosimama nje ya nyumba lilimfanya achungulie dirishani. Hakuna aliyekuja. Wiki iliyofuata mafundi walionekana upande wa pili wa nguzo wakiwa na brashi za waya. Hakuna aliyeeleza kwa nini.

Walikwangua siku tisa. Mzee alikaa ukingoni kwenye kigoda, akiwasimamia bila kuajiriwa, akiwafokea kila walipochovya brashi ya rangi kabla chuma hakijang'aa. Wifi alipika chai, Mama Stika akaiteremsha kwa chupa, yeye na mzee wakainywa wakiwatazama mafundi.