Kasa wa Mawaleh Aliyemwamkia Mama Yake

Saa tisa kasorobo mchana, na Muhsina Harub keshavua viatu. Anazunguka kwenye chumba cha hatua nne kwa nne, nyuma ya ukuta mweusi, kama mtu aliyepoteza funguo. Kichwani amevaa kofia yenye taa ndogo ndogo, mikononi glavu zenye nyaya. Akiinua mkono wa kulia, upande wa pili wa ukuta kasa wa katuni mwenye urefu wa mita tano anainua pezi lake, na watoto sitini wanapiga ukelele.

"Wewe mwenye fulana ya manjano," anasema kwa Kiarabu, macho kwenye skrini ndogo inayomwonyesha ukumbi. "Mbona umejificha nyuma ya baba? Mwenye gamba ni mimi!"

Mtoto anachungulia. Ukumbi mzima unacheka, na Muhsina anacheka nao huku akiruka mguu mmoja hadi mwingine.

Hivi ndivyo anavyoishi Zumurrud, kasa wa kuchora anayezungumza na wageni katika bustani moja ya michezo ya familia upande wa Mawaleh, hapa Muscat. Wengi huingia wakidhani wanaongea na kompyuta. Kumbe nyuma yake yuko mtu, na mtu mwenyewe hatulii hata dakika moja.

"Nikisimama, na yeye anasimama," anasema Muhsina, mwenye miaka 31, akijifuta jasho baada ya onyesho. "Mtoto akiona kasa kaganda, anashituka pale pale. Basi nacheza, natikisa kichwa, nanyoosha shingo. Nikirudi nyumbani miguu haina khabari kama kazi imekwisha. Mama ananambia, 'Hebu kaa kitako, unantia kizunguzungu!'"

Leo, hata hivyo, roho iko juu kwa sababu nyingine. Juu ya kiti chake kuna karatasi mbili anazotakiwa kuzirudisha kabla ya saa kumi na moja. Akizitia saini, bustani itarekodi sauti yake kwa saa sitini, kisha kompyuta itamsemea kasa. Yeye atapewa rial 1,800 mara moja na kuhamishiwa dirisha la tiketi. Asipozitia saini, mkataba wake unakwisha mwisho wa mwezi huu.

Si jambo la kuchezea. Muhsina alipokea simu katika kampuni ya bima kwa miaka mitano, mpaka wafanyakazi walipopunguzwa. Akakaa nyumbani miaka miwili na ushei. Anasema aliomba kazi kila mahali, hata duka la manukato, na yeye harufu kali humpandisha kipandauso.

Mshahara wake wa sasa ni rial 380 kwa mwezi. Ndio unaoendesha nyumba ya Ansab anayoishi na mama yake, Bi Nunu, tangu baba alipofariki. Ni nyumba ya watu waliotoka Unguja, na Kiswahili ndicho kinachotawala kuanzia jikoni hadi barazani.

Kazini alipewa masharti mawili. Kwanza, kasa azungumze Kiarabu na Kiingereza tu. Pili, asimwambie mtu yeyote kwamba kasa ni yeye, hata watu wa nyumbani. Mama yake akaambiwa bintiye kapata kazi ya ofisini, akaridhika, akamshukuru Mungu.

Ikaenda hivyo miezi saba. Halafu ikaja sikukuu, na wajukuu wakamng'ang'ania bibi yao awapeleke kwa kasa anayesema.

"Nikamuona kwenye skrini, anaingia na mkoba wake, anatafuta pa kukaa," anasimulia Muhsina, na hata sasa anajishika mdomo. "Wallahi sikufikiri. Toka utotoni sijapata kumuona mama akaingia mahali nikanyamaza. Nikajisikia tu nimeshasema, 'Shikamoo, Mama.'"

Maskini! Watu mia na hamsini walimsikia kasa akiamkia kwa Kiswahili. Na Bi Nunu, bila hata kugeuza shingo, akaitikia, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Kisha ndipo akaanza kumtafuta aliyemwamkia.

Tulipomkuta Ansab, Bi Nunu mwenye miaka 68 alikuwa bado hajakisamehe kisa hicho, ingawa anakisimulia kwa raha zote.

"Kwani mie sijui sauti ya mwanangu?" alisema. "Nkamtazama kasa, nkatazama mlango, nkasema leo nimerogwa! Ofisini, eti! Ofisi gani ina mapezi?"

Muhsina aliandikiwa barua ya onyo jioni ile ile. Lakini mgeni mmoja alikuwa amerekodi tukio zima kwa simu, na video ikazagaa katika makundi ya WhatsApp ya jamaa wanaozungumza Kiswahili. Ijumaa iliyofuata wakaja mabibi, wengine kwa fimbo, wengine kwa viti vya magurudumu. Wote walitaka kuamkiwa na kasa. Maonyesho ya Ijumaa yakapanda kutoka sita hadi tisa, na barua ya onyo ikaondolewa kwenye faili kimya kimya.

Meneja wa ukumbi, Samir, hafichi kwamba umaarufu huo ndio ulioleta wazo la kurekodi. "Sauti yake inapendwa," anasema. "Lakini Muhsina akiugua, kasa naye anaugua. Kompyuta haina mafua."

Muhsina mwenyewe anakiri alikaribia kusaini. Rial 1,800 ni nyingi, na dirisha la tiketi lina kiti. Jumanne akakubali kwenda kurekodi majaribio. Kiarabu kikaenda vizuri, Kiingereza vilevile. Kikafika Kiswahili. Fundi akamtaka aseme "Shikamoo, Bibi" mara arubaini, kwa furaha, kwa upole, kwa mshangao.

"Ya kwanza nikasema, nikanyamaza, nangoja," anasema. "Fundi ananiuliza, unangoja nini? Nangoja marahaba! Ya kumi nangoja, ya ishirini nangoja. Naamkia ukuta, haniitikii mtu. Nilitoka pale nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani."

Tangu siku hiyo hajalala vizuri. Ametembea sebuleni mpaka Bi Nunu akatishia kumfungia nje.

Saa kumi na nusu anavaa viatu, anachukua karatasi zake na kuelekea ofisi ya Samir. Njiani anasimama mara mbili, anageuka, anaendelea. Mlangoni anabisha hodi kabla hajabadili nia.

Samir anasoma, anarudia kusoma. Muhsina amesaini ukurasa wa kwanza, wa Kiarabu na Kiingereza. Wa pili ameukata kwa kalamu kutoka pembe hadi pembe.

"Kiswahili umekifuta chote," anasema Samir.

"Kiswahili nitakuja nacho mwenyewe, Ijumaa na Jumamosi, mkinitaka. Na hizo 1,800 punguzeni mnavyoona."

"Wakubwa wanaweza kusema hapana kwa yote mawili, Muhsina. Unajua?"

"Najua."

Jibu litatoka Jumapili. Wakikubali, anataka kuomba onyesho moja la wazee peke yao, Ijumaa baada ya sala ya alasiri, wakae na kasa wazungumze mpaka wachoke. Wakikataa, hana pengine pa kwenda, na halifichi hilo. Anatembea kuelekea kwenye gari kwa haraka, kisha anarudi hatua chache, kana kwamba amesahau kutuambia jambo la maana.

"Bibi wa watu atoke Ansab na fimbo yake, aamkiwe, aitikie kwa moyo wake wote, 'Marahaba mwanangu,' na huku nyuma hamna mtu?" anauliza. "Hapana, bwana. Hilo mie siwezi."