Kisolo cha Fatouma Chapata Mdomo

Jumapili ile Fatouma hakungoja hata chai ipoe. Alimeza nusu kikombe, akatia kompyuta yake mkobani, akafunga chumba chake cha mtaa wa Makomeno na kutoka mbio kama mtu aliyeitwa. Hakuna aliyemwita. Asubuhi hiyo mchezo wake wa kompyuta ulikuwa umejicheza wenyewe kwa mara ya kwanza, kete zikizunguka kutoka shimo hadi shimo bila kukwama, naye alikuwa amesimama peke yake katikati ya chumba akipiga makofi.

Siku za kazi Fatouma ni mtu wa malori. Huandika programu zinazofuata magari ya madini kutoka machimboni hadi kwenye mizani, na mkubwa wake hupenda kazi iishe bila maneno. Lakini kwa miaka kadhaa amekuwa akitengeneza pia vitu ambavyo hakuna mkubwa aliyeviomba. Ana ramani ambayo watu hubonyeza ili kuonyesha avenyu ipi haina umeme. Ana programu inayochora maua ya kitenge, na ua halijirudii. Na sasa ana kisolo, mchezo wa kete wa baba yake, ndugu wa bao. Vyote vilikuwa vimetawanyika ndani ya kompyuta kama nguo za mtu asiye na kabati, na alipoanza kuvijengea tovuti yake mwenyewe alijiona kama mwenye kiwanja anayepima msingi kwa hatua zake. Kila kitu kingekuwa na ukurasa wake, na chini ya ukurasa, jina la aliyemfundisha.

Chini ya kisolo alitaka kuandika jina la baba yake. Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Baba yake, Mwalimu Sumaili, alifundisha hesabu sekondari hadi alipostaafu, na hakuwahi kutia sahihi kwenye kazi asiyoipitia. "Mama," alimwambia kwenye simu, kwa maana Fatouma amerithi jina la mama wa mzee huyo, "jina yangu haiingiake pahali sijaona na macho yangu. Leta, nione." Fatouma alijaribu kujiambia kwamba mstari mmoja mtupu si kitu. Haikusaidia. Bila jina lile asingeufungua ukurasa, na bila ukurasa ule tovuti nzima ilionekana kwake kama nyumba isiyo na jiko.

Mtaani Kamalondo, mbele ya nyumba ya wazazi wake, ubao wa kisolo ulikuwa umewekwa kwenye benchi kama kila Jumapili. Upande mmoja Sumaili. Upande wa pili Papa Ngosa, dereva wa treni mstaafu, mpinzani wake tangu kabla Fatouma hajazaliwa.

"Karibu, ingénieur!" Ngosa alipaza sauti. "Umetuletea nini mu ile saki?"

"Nimeleta muntu wa kumupiga papa."

"Kumupiga Prof? Ile wimbo mi naimbaka tangu nilikuwa na meno yote!"

Sumaili alifuta miwani kwa ncha ya shati, akaivaa, akainamia kompyuta. Kabla ya kugusa kete aliiambia, kama anavyomwambia kila anayeketi mbele yake: "Weye mugeni, ulikula kwenu? Maana hapa utalala na njaa." Akacheza. Mashine ikacheza. Akaichokoza tena, akacheza. Mashine ikacheza tena, sahihi kabisa. Fatouma alikuwa akibana vidole vyake vya miguu ndani ya viatu kwa furaha.

Mzee akaondoa mkono.

"Imepoteza."

"Baba, tumeanza tu!"

"Imepoteza zamu. Haijasema kintu."

Ngosa akajipiga mapaja. "Mama weee! Mashini ya diplôme, imepigwa juu ya kunyamaza!"

Kwenye benchi lile, mtu hainui kete kabla ya kumtupia mwenzake neno: majigambo, kejeli, swali la kumuudhi, lolote. Anayecheza kimya huhesabiwa kuwa anapiga hesabu za wizi, na zamu yake huchukuliwa. Fatouma alilijua hilo. Alikua akilisikia kupitia dirishani, akifanya kazi zake za shule huku sauti za wazee zikimwagika nje, na alilichukulia kama mvua juu ya bati, kitu cha kuzoea. Alikuwa ameandika kila kanuni ya kugawa na kila kanuni ya kula. Kelele hakuziandika, kwa kuwa haikumjia kamwe kwamba nazo ni kanuni.

"Baba, ile ni mashini."

"Na mi niko Sumaili. Jina yangu, apana."

Moyo ulimshuka, lakini haukufika chini. Mtu wa kazi yake akishaliona kosa, damu humchemka upya, maana kosa linaloonekana tayari limekamatwa. Akachomoa simu.

"Ngoja! Papa Ngosa, mutukane papa. Sasa hivi."

Ngosa akakohoa, akakaa wima kama anayepigwa picha. "Prof... weye, Prof... uko muntu mubaya."

"Njo iyo tusi?" Sumaili alimwangalia kwa huruma. "Hata mufu anatukanaka kukupita."

"Nitukane bure? Kete iko wapi? Bila kete mi niko muntu wa heshima!"

Basi Fatouma akawapa ubao wao, akaficha simu chini yake ikirekodi, akakaa kando. Hazikupita zamu nyingi kabla hawajasahau.

"Prof, futa tableau, twende nyumbani!" Ngosa alianza, kama mwanafunzi aliyechoka kutazama ubao wa darasani.

"Ngosa, na treni ulikuwa unaendeshaka hivi? Njo maana ilikuwa inafikaka kesho!"

"Nakula! Nakula, na sahani naramba!"

Alipopata za kutosha alikimbilia sebuleni. Akakata sauti moja moja, ya Ngosa huku, ya baba yake kule, akiandika kwa kasi huku akicheka peke yake. Umeme ulikatika, friji ikanyamaza. Yeye hakuinua kichwa, betri ilikuwa imejaa. Mama yake alimwekea bukari, ugali wa kwao, na samaki karibu na kiwiko, akasimama kidogo, akatikisa kichwa, akaondoka. Bukari ikaganda. Fatouma aliiachia mashine ichague neno lolote inalotaka kabla ya kila zamu, akasema kimoyomoyo kwamba mpango mzuri zaidi ataupanga baadaye, kisha akatoka nje karibu ajikwae kizingitini.

"Baba, mara moja tena."

Sumaili alirudisha miwani. Akachokoza, akacheza. Kompyuta ikanguruma kwa sauti ya Ngosa: "Nakula! Nakula, na sahani naramba!" Kisha ikachukua kete moja, ikaiweka kwenye shimo tupu, na haikula chochote.

Mzee alicheka hadi miwani ikamwanguka. "Njo yeye! Njo Ngosa muzima!"

"Ile haiko mimi! Mi nachezaka muzuri!"

"Nitairekebisha," Fatouma alisema haraka. "Nitafanya iseme hivyo tu wakati inakula kweli."

"Usiguse!" Baba yake alikinga kompyuta kwa mkono. "Apana kugusa ile."

Baada ya hapo hakuna aliyecheka tena. Sumaili aliinama, akawa anaijibu mashine, anaiuliza mama yake ni nani, anaitishia. Na zamu moja, baada ya kumwambia "Prof, futa tableau", ilizunguka ubao wote na kufagia nusu ya mstari wake. Mzee akaweka kidole kwenye kioo na kufuata njia ya zile kete, shimo kwa shimo, vile alivyokuwa akifuata hesabu za wanafunzi wake akitafuta mahali pa kuchora msalaba mwekundu. Kidole kilifika mwisho, kikarudi mwanzo, kikafuata tena.

"Haikuiba," Sumaili alisema. Akanyooka. "Andika."

"Niandike nini, baba?"

"Jina. Sumaili wa Kamalondo. Na Ngosa chini, maandishi kidogo. Yeye iko mudomo tu."

"Mudomo njo mchezo yenyewe!" Ngosa alifoka. "Mashini bila mimi ilipigwa na kimya!"

Fatouma aliandika majina yote mawili kwa ukubwa uleule, akatumia mega za intaneti zilizobaki kwenye simu yake kuurusha ukurasa hewani. Akaufungua kwenye simu ya mzee, akampa. Sumaili aliusoma kwa midomo bila kutoa sauti, akashuka hadi chini, akalikuta jina lake, akabaki hapo.

"Na ba Kilwa banaweza kuona?" aliuliza, maana dada yake aliishi huko.

"Kilwa, na popote."

Hapo Mwalimu Sumaili alisimama, akatembea hadi ukingo wa barabara palipo na mtandao mzuri, akampigia dada yake. Fatouma na Ngosa walimsikia, na avenyu nzima ilimsikia.

"Asha! Asha, jina yangu imetoka mu internet! ... Nani amekufa? Hapana muntu amekufa! ... Apana, Asha, usilie, ni mimi njo nasema! Haiko tangazo ya kilio, ni ya kisolo! Mama yetu mudogo, Fatouma, njo ameandika! Acha kulia, fungua, uone!"