Nepi Zilizokaukia Ndani

Nepi kumi na nane za taulo, chupi tatu za nailoni na pini sita zenye vichwa vya njano zilinigharimu shilingi elfu kumi na mia mbili, na mtoto. Nimehesabu mara mbili. Upande wa shilingi hauna ubishi, maana bei nilivutana mwenyewe.

Mke wangu alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua, homa ikiwa imempanda tangu jana yake. Aliacha binti. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa na meza sokoni Kasulu, nauza chumvi, sabuni ya mche na betri. Wazazi wangu walitoka Burundi wakinibeba mgongoni na wote wawili wamelala katika udongo wa hapa, kwa hiyo sikuwa na mama, dada wala shangazi wa kunionyesha mtoto anashikwaje. Ukoo wangu wote ulitosha kwenye kiti kimoja.

Mke wangu alikuwa Muha wa Titye. Kwao, na hata kwetu, mtoto akifiwa na mama angali ananyonya huenda kwa bibi mzaa mama. Hakuna kikao. Siku ya kuondoa matanga mama mkwe alikuwa ameshakaza kanga kiunoni tayari kumbeba. Nikamwita shemeji, mdogo wa kike wa marehemu, nikamwambia amwombe mama yake aniachie mtoto. Mimi mwenyewe nisingeweza kumwomba. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawazungumzi ana kwa ana, hawapishani mlangoni. Huyo ni mabukwe, unamheshimu kwa kumkimbia.

Shemeji alienda, akarudi.

"Mama anasema, mwanamume atamnyonyesha nini? Chumvi?"

"Mwambie jirani yangu ana mtoto wa miezi minne. Amekubali."

Jirani alikuwa amekubali kweli, tena bila kuombwa mara ya pili. "Maziwa Mungu aliyaweka mawili," alisema, "na huyu wangu ana mdomo mmoja."

Shemeji akaenda tena, akarudi na jibu: nibaki naye kwa sasa, wao watakuja kuangalia. Wakikuta analelewa, atabaki. Wakikuta halelewi, ataondoka siku hiyo hiyo. Nikasema sawa. Nilidhani nimeshinda mapatano.

Wiki za kwanza nilimfunga vipande vya kanga na vitenge vya mama yake. Akikojoa, tulilowa wote, mtoto, mimi na shati langu la sokoni. Nilikuwa napima chumvi huku mgongo unanuka mkojo, na wateja wakaanza kusimama hatua moja nyuma kuliko kawaida. Vikabaki vitenge viwili vizima. Nikachukua mkasi, nikavikunjua, vikatoa harufu ya mwenyewe. Mkono ukagoma. Nikavirudisha sandukuni.

"Baba, nenda katafute nepi," jirani akaniambia. "Wenzako mjini ndizo wanazofunga watoto."

Ndiyo maana nilipopanda lori kupeleka chumvi Kibondo, nilikuwa na shughuli ya pili. Sokoni kule nikamkuta mama mmoja Mkongo amemwaga mtumba wa vitu vya watoto juu ya turubai. Alinitazama miguu, akatazama mfuko wa shati, akanipangia bei kabla sijasalimia.

"Karibu papa. Unatafuta kushe? Iko mingi. Mama ya mutoto iko wapi?"

"Hayupo. Nionyeshe hizo nepi."

Alikuwa na aina tatu. Za kwanza nyembamba kama bandeji, unakunja mara nyingi ndipo zinafaa. Za pili za taulo, mraba, nene. Za tatu ndio usasa wenyewe, zimeshonwa umbo la chupi, zina vifungo vya kubana pembeni kama koti la mvua. Hizo za vifungo nilizipenda, nikauliza bei, nikaacha kuzipenda.

Nikaomba maji katika kikombe. Nikachovya ile nyembamba, ikalowa mara moja na kuchuruzika. Nikachovya ya taulo. Ikanywa kikombe kizima, na nilipoiinua hakikudondoka kitu.

"Papa, wewe unanunua kushe ao unanunua ngamia?"

"Hii bei gani?"

"Mia saba."

"Mia tatu."

"Yesu! Mia tatu nitakula nini? Lakini nakuambia kweli, papa, chukua hii nyepesi, mia nane. Hiyo munene inakawia kukauka. Huko kwenu Kasulu na baridi ile, muvua ikinyesha utalia."

Nimekaa sokoni tangu ndevu hazijaota. Muuzaji akikuambia uache cha bei ndogo uchukue cha bei kubwa, kwa faida yako, unamshukuru na kuchukua cha bei ndogo. Tukaachana kwenye mia nne. Chupi za nailoni za kuvalisha juu akanipa kwa mia saba moja, pini kwa mia na hamsini. Nilizihesabu nepi mbele yake, nikazihesabu tena ndani ya lori. Zilikuwa kumi na nane. Yule mama alikuwa mwaminifu kwa kila kitu, hata kwa lile la kukauka.

Jirani alinifundisha kukunja pembetatu, kulaza mtoto kati, kuleta ncha zote tatu kitovuni, kisha kuingiza vidole viwili kati ya pini na tumbo ili ikichoma ikuchome wewe. Ilinichoma. Binti alinitazama nikinyonya kidole, na naapa alikuwa anakaribia kucheka.

Nikawa dobi. Niliziloweka jioni, alfajiri nikazichemsha katika sufuria kubwa iliyokuwa ya pombe ya harusi yetu, nikazisugua kwa sabuni ya meza yangu mwenyewe, nikazianika, na zikikauka nikazipiga pasi ya mkaa pande zote mbili, maana kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi na funza wake huingia ngozini mwa mtoto. Wenzangu wa sokoni wakipita mbele ya nyumba na kuona kamba imejaa, walipiga kelele.

"Mzee, umesalimu amri? Bendera nyeupe zote hizo!"

"Leteni za kwenu," niliwajibu. "Nafua kwa bei ya jumla."

Kisha mvua ikaanza. Si mvua ya kupita. Ile ya kuhamia. Taulo likaning'inia siku mbili na bado unalikamua. Nikafunga kamba chumbani, toka dirishani hadi msumari wa kalenda, na jiko la mkaa chini yake, mlango wazi. Nyumba ikawa na ukungu kama bonde la Malagarasi asubuhi. Lakini mtoto alikuwa mkavu. Mapajani hakuwa na wekundu wala upele, na alianza kunenepa shingo. Nilikuwa namgeuza kila akiamka, namwangalia kila mkunjo, kama mtu anayekagua noti.

Wakaja siku ya jua. Tangu mvua ianze, hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya jua la kweli, na alfajiri nilikuwa nimezitoa nepi zote nje. Mtoto wa jirani wa nyumba ya tatu akaja mbio kuniambia wakwe zangu wameonekana wanateremka kwenye lori njia panda.

Sasa, mwenye akili za kwetu angefanya nini? Mabukwe anakuja, atakaa uani, kwa sababu ndani kwa mkwewe haingii. Mbele yake, toka nguzo hadi nguzo, kuna vitambaa vya kinyesi, na kila mtu anajua nani amevifua. Ni kama kumvulia nguo. Nikazianua zote, mbichi nikazitundika chumbani, zilizokauka nikazikunja sandukuni. Nikafagia. Nikatandika mkeka barazani. Nikaingia ndani, nikarudisha mlango, nikajisifu kwa adabu yangu.

Mama mkwe alikaa akinipa mgongo, kanga imemfunika kichwa. Shemeji alisimama kati, akampokea mtoto kwangu kwa kuunyosha mkono tu, akampa mama yake. Akampakata, akamgeuza huku na huku. Kisha nikamsikia akisema kwa sauti ya kawaida, kwa Kiha, kama anayezungumza na mti:

"Nguo za huyu mtoto ziko wapi?"

Shemeji akageukia mlango. "Mama anauliza nguo za mtoto."

"Mwambie ziko ndani."

"Ziko ndani, mama."

"Ndani?" akasema. "Jua lote hili? Tumesubiri jua mwezi mzima, kila kamba tuliyopita njiani imejaa, ya hapa tupu. Mtoto wa miezi miwili na kamba tupu! Basi analala na mkojo wake."

Ndipo nilipoelewa alichojia. Yeye hawezi kuingia, mimi siwezi kutoka kumweleza. Mtu wa namna hiyo anakagua nyumba kwa kamba yake. Wanawake wote wanajua hivyo. Mimi niliyekagua kila kitu sikulijua hilo.

"Shemeji, ingia uone," nikasema. "Zimejaa chumbani."

Hakuingia. Nyumba ya mwanamume aliyekuwa mume wa dada yake, aingie chumbani mbele ya macho ya mtaa? Kesho wangesema amekuja kurithi kitanda. Na jirani yangu, ambaye neno lake lingetosha, alikuwa amemkamulia binti yangu maziwa ya mchana kikombeni, akaondoka na mtoto wake kwenda kupalilia shamba lao la Kagerankanda.

Nikafungua sanduku, nikachukua zile zilizokunjwa, nikapitisha rundo zima kwenye upenyo wa mlango. Nilisikia akizipapasa. Moja. Nyingine. Akainusa.

"Hizi mpya," akasema. "Hazijavaliwa. Nguo ya mtoto inayotumika ina doa. Huyu ni mtu wa sokoni, amenunua mali aje anionyeshe."

Nilizichemsha kupita kiasi. Nilizisugua kupita kiasi. Nikapekua na zile mbichi za chumbani nikitafuta yenye doa, nisiipate, mimi ambaye nimeuza betri zilizokufa kwa maneno matupu.

Kisha akamfungua mtoto. Nailoni ikalia. Chini yake taulo lilikuwa limejaa, maana mtoto alikuwa amekojoa muda ule ule, na taulo zile zikijaa ni nzito kama mkate uliolowa. Nilisikia tu linadondoka sakafuni barazani.

"Shemeji," nikasema, "mwambie mama aniachie hadi mvua ziishe."

"Anasema hapana."

"Mwezi mmoja."

"Anasema hapana."

"Wiki mbili. Aje mwenyewe akae kwa jirani, aone."

Shemeji akamwinamia mama yake, akarudi mlangoni. "Anasema mtoto hapatanwi bei."

Nikauliza watamfunga nini njiani. Akasema mama anataka vitenge, hizo nene hazitaki. Sikuwa na vitenge vingine. Nikatoa vile viwili vya mwisho, nikavipitisha kwenye upenyo. Nilimwona binti yangu kwa mara ya mwisho siku hiyo akiwa mgongoni, amefungwa kwenye kitenge cha mama yake, shavu limelala upande wangu. Wakashika njia ya Titye.

Jirani alirudi jua likizama, akaja moja kwa moja hajatua hata jembe. Blauzi ilikuwa imelowa kifuani. "Niletee mwanangu huyo, ziwa limejaa linauma." Akanitazama, akatazama mkeka, akaelewa. Nilipomweleza habari ya kamba, alikaa chini akashika kichwa.

"Yoo, baba! Ungezitandaza! Ungezitandaza mpaka juu ya bati! Wewe unamwonea aibu nani, na mtoto je?"

Alikwenda nyuma ya nyumba kukamua maziwa ardhini. Nilimsikia analia, na si kwa maumivu ya ziwa tu.

Nilikwenda Titye kila nilipoweza. Nilipeleka sabuni, chumvi, gauni la Krismasi. Nilikaa barazani kwa wakwe kama mgeni, na mtoto akitokea alinyosha mkono kunisalimia vizuri, kama alivyofundishwa. Babu yake ndiye aliyemwita baba. Mimi aliniita baba wa sabuni. Alikuwa mnene na mwenye afya, na hilo sitalibisha. Mama mkwe alimlea. Nilitaka kumrudisha alipofika umri wa shule. Binti akashika nguzo ya nyumba kwa mikono yote miwili. Sikumbandua.

Sasa ni mtu mzima, amechumbiwa. Wiki iliyopita shemeji, naye kichwa kimeshaota mvi, alikuja na ujumbe. Babu alishafariki. Mama mkwe anasema siku ya mahari baba mzazi ndiye akae kwenye mkeka, ataje idadi na apokee. Bado anasema kwa kinywa cha mwingine, na bado sijawahi kumwona uso wote.

Nikienda, nitapokea malipo ya usiku ambao wengine ndio walioamka. Nisipokwenda, binti yangu ataolewa kama mtu asiye na baba, mbele ya ukoo wa mumewe, na neno hilo atalibeba kwenye nyumba ya watu. Nikienda nikapokea na kumkabidhi bibi yake vyote palepale, shemeji anasema itakuwa matusi, kama kumlipa mshahara wa yaya. Nimeipiga hesabu hii mara mbili, na ya tatu, na kila mara inanitoka tofauti.

Wewe uliyewahi kulelewa na mwingine, au mwingine akakulelea wako: nikakae kwenye mkeka ule, au nisikae? Na nikikaa, wakiniuliza idadi, niseme nini? Wanangoja jibu langu Titye. Nishauri.